Sikio la Kushoto

Sikio la kushoto niliwauzia misumeno,
rejareja, miaka ishirini na sita,
mwarobaini baada ya mwarobaini
nyuani mwa watu, Raskazone hadi Sahare.
Mke wangu anajua. Neno la mapenzi
hulinong'ona kulia; la madeni, kushoto.

Lililobaki ndilo linalonilisha.
Leta msumeno wako hapa Barabara ya Kumi na Nne,
vuta kamba, nitakwambia kabla ya bisibisi:
huu umelazwa na petroli tumboni tangu Mfunguo Sita,
imechacha, imeganda kwenye kabureta kama ute;
huu, oili yake ilipimwa kwa jicho;
huu, chujio la hewa limeshiba unga wa mbao,
unahema kama mtu aliyewekewa mto usoni.
Na huu, ngoja, vuta tena, huu
hauumwi kitu. Mwenyewe ndiye hajaujua.

Akaja mpwa wangu Hozza na msumeno wa betri,
mwepesi, msafi, umekaa mezani
kama mgeni asiyetaka kuandaliwa.
"Mjomba, hauna plagi, hauna kabureta, hauna kamba."
Nikamuuliza, "Sasa mimi nitatengeneza nini?"
Akacheka.

Niliuinamia, nikabonyeza.
Cherehani. Cherehani ya jirani, nyuma ya ukuta.
Haukukohoa, haukutoa moshi wa kunusa.
"Ukiugua, unaugulia wapi?"
"Betri ikifa unanunua nyingine."
Akataja bei. Nikahesabu mbuzi watatu
na kamba zao.

Alhamisi tukaitwa Chumbageni,
mkungu umeegemea bati la mama mmoja
na nyumba ya pili wamo kwenye khitma.
"Fundi, kata, lakini wasisikie."
Wa petroli ukabaki kwenye gunia.
Nikashika ule wa Hozza kwa mikono miwili
kama ninavyoshika mtoto wa mtu.

Unga ukamwagika miguuni, mwekundu.
Na nyuma ya cherehani
kulikuwa na sauti nyingine.
Nikadhani Hozza anachana kitambaa.
Hozza alikuwa kule, ameshika kamba.
Ilikuwa nyuzi za mti, ndani,
zikiachana, moja,
kisha moja,
kisha tatu pamoja.

Miaka ishirini na sita naangusha miti
na sijawahi kuusikia hata mmoja.
Nilikuwa napiga kelele juu ya maneno yao.

"Toka hapo!" nikamwambia, "toka!"
Akaiachia kamba, akaruka ndoo ya maji.
Mkungu ukajinyonga kidogo, ukalala
pale pale alipokuwa amesimama.
Bati halikuguswa. Kwenye khitma
mtu mmoja alikohoa, wakaendelea.

Sitasema umenishinda.
Vipande vitatu vya mwisho betri ilizima,
na umeme wa mama yule ulikwisha asubuhi,
LUKU inalia peke yake ukutani.
Tukangoja. Dua ikaisha, pilau ikapita uani,
nikanawa, nikatoa mzee wangu guniani,
nikavuta mara mbili.
Watoto wakaziba masikio, wakafurahi.

Usiku niliwalaza wote wawili barazani.
Wa petroli nikaumwaga, tone la mwisho,
usilale nayo, nawaambia watu kila siku;
nikapangusa plagi, nikapuliza chujio.
Kisha nikagusa mnyororo wa mgeni kwa kidole.
Butu.
Kumbe jino ni jino,
haliulizi linasukumwa na nani.
Nikachukua tupa: kila jino mara tatu,
kwenda mbele tu, usirudishe,
taa ya simu mdomoni.

Sikio la kufa halisikii dawa, husema wao.
Hozza alikaa upande wangu wa kushoto,
akasema jambo, refu kidogo.
Nadhani lilihusu bei ya betri ya pili.
Sikumwomba arudie.