Namba ya Mlango

Mlango wa nyumba yetu Mikindani
hauna tena ufunguo. Una namba sita,
na namba anazo kaka Nalinga, huko Doha,
anakolinda lango la hoteli ya watu.
Mgeni akifika na begi lake la magurudumu
simu inatikisika kwenye mfuko wa sare,
Nalinga anabonyeza,
na huku kwetu chuma kinalia ta!
Saa za kwake na zetu ni zile zile.
Namuuliza kama amekula, ananijibu:
umebadilisha foronya?

Nimebadilisha. Nimefagia hadi uvunguni,
na picha ya baba nimeiondoa ukutani
kwa sababu Mjerumani wa Februari aliandika
kwamba mzee yule alimkodolea macho usiku kucha.
Nyota nne.
Kwa hiyo moja iliyopungua Nalinga hakulala.

Mama amehamia jiko la uani.
Hataki kuonewa huruma, anasema jikoni kuna joto,
magoti yake yanalipenda. Jioni anamenya ming'oko
na nyuma ya ukuta anasikia miguu ya watu
waliotoka mbali kufuata utulivu
na wameupata,
maana sisi ndio tunaonyamaza.

Simu hunitafsiria sifa zetu:
"Nyumba ya kweli. Wenyeji hawaonekani, kama hewa safi."
Nikamsomea mama. Akacheka akishika ubavu.
"Hewa! Hewa ndiyo inayofua mashuka?"

Mabibo yalipoanza kudondoka Nalinga akapewa likizo.
Miaka mitatu, siku kumi.
Tukafungua kalenda, imejaa:
maharusi wawili, kisha kijana wa kompyuta
aliyebeba kazi yake akaja nayo hadi barazani kwetu,
wakati kaka yangu kazi yake ilibidi aifuate.
Zimebaki Jumanne na Jumatano.
Nikasema, tuzifunge. Akasema, ukizifunga
nyumba inashushwa chini kabisa, hakuna atakayeiona.
Basi akazinunua.
Akajisajili kama mgeni, akalipa,
na kampuni ikakata chake
kati ya mtoto na mama yake.

Nilitandika shuka jeupe, nikakaza pembe
kama ninavyowatandikia wote.
Picha ya baba nikairudisha.

Hakulala pale. Usiku wote miwili alijikunja
kwenye mkeka wa jikoni, viatu vya ulinzi mlangoni,
mama akimsimulia nani kafa, nani kauza shamba,
na yeye akiitikia hata alipokuwa amesinzia.

Alhamisi, shuka halikuwa na hata mkunjo.
Nikalifua hivyo hivyo.
Nikiwa kwenye beseni simu ikaniuliza:
Mgeni wako ameondoka. Je, aliacha nyumba safi?
Je, ungependa kumkaribisha tena?
Ndiyo, nikabonyeza. Ndiyo.
Kidole kilikuwa na sabuni,
simu haikunielewa.