Pini ya Pili kwa ya Tatu

Waya ulionyooka haufai hapa.
Ukiunga mdomo kwa mdomo
kila mmoja atasema na hakuna atakayesikia;
nimeziona nyumba za namna hiyo Ngamiani,
Barabara ya Kwanza hadi ya Ishirini na Moja.
Kwa hiyo nikazipishanisha: pini ya pili kwa ya tatu,
ya tatu kwa ya pili,
ya tano kwa ya tano, iwe ardhi yao wote.

Kompyuta ya marehemu Shekimweri,
karani wa kuhesabu matita ya mkonge,
ililetwa kwa bajaji, imefungwa kanga,
vumbi jekundu la shamba limeganda kwenye feni.
Mlango wa disketi ulishakufa. Diski yenyewe inakohoa.
"Hii ikizimika," nilimwambia binti yake, Mwantumu,
"huenda isiamke."

Mwanzo vilikuja vidudu:
mabano, alama za dola, herufi zenye pembe.
Nikapunguza mwendo. Nikapunguza tena.
Kwa elfu mbili na mia nne wakaelewana,
na majina yakaanza kupita, herufi moja moja,
kama watu kwenye ubao juu ya mtaro.

Faili mia mbili na kumi na moja.
Mwantumu akalala kwenye mkeka, viatu mguuni.
Mita ya luku ilikuwa inalia tangu magharibi.
Niliisikia. Nilisema, bado bado.

Saa nane na robo, giza.

Hakunilaumu. Alinunua umeme kwa simu yake
akanisomea tarakimu, uso wake wa buluu:
"Tano tatu moja tisa."
"Tano tatu moja tisa."
"Ndiyo. Sifuri nane nane mbili."
"Sifuri nane mbili…"
"Rudia."
Hadi ya ishirini. Ndivyo na zile mashine
zilivyokuwa zikifanya usiku kucha:
tuma, ngoja, umepata? Nimepata. Lete nyingine.

Taa ikawaka. Yangu ikaamka.
Ya baba yake ikagonga ta, ta, ta,
ikanyamaza. Nikaipiga ubavuni. Nikaifungua.
Nikaipuliza kama mtu anayepoza uji wa mtoto.
Hapana.

Tulikuwa na faili mia moja na arobaini,
na ya mwisho imekatika katikati ya mstari:
*Mhina Se*
baada ya hapo weupe tu, na kishale kinachopepesa.

Nilikuwa natafuta maneno ya kuomba radhi
yeye akasogeza kiti.
"Sempombe," alisema. "Mhina Sempombe.
Alikuwa na vidole vinne mkono huu.
Akija kwa karani ananiletea mua."
Akavuta kibodi, akaandika kwa kidole kimoja,
m-p-o, akitafuta b, iko wapi b,
pale, chini.

Matita yake hakuyakumbuka.
Pale tuliacha wazi.