Hatua Kumi na Nne

Tulikubaliana Jumamosi, mvua inyeshe isinyeshe,
na mvua ikasikia.
Saa moja asubuhi, kwenye lango la Karura,
askari alitutazama kama watu waliotoroka mahali.
"Mnaingia humo leo? Kufanya nini?"
"Kutembea," Kerubo akamjibu,
kwa sauti ya mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua.

Tulikuwa wanne.
Kerubo na koti la mumewe, mikono imemzidi;
Nyaguthii na chupa ya chai ya tangawizi,
ameikumbatia kama mtoto wa kuazima;
Wesonga na raba nyeupe, nyeupe, mwezi wa Aprili!
na mimi nyuma yake, makusudi,
nikihesabu hatua zake na shilingi zangu:
elfu kumi na mbili, tangu Agosti.

Mikaratusi iliinama, ikainuka, ikainama tena,
mithili ya waumini wasiojua sala imefika wapi.
Kima mmoja tawini, mkia umelowa chepechepe,
alituonea huruma waziwazi.
Njia haikuwa njia tena, ilikuwa uji wa wimbi,
na udongo mwekundu ukaikamata raba ya kushoto ya Wesonga
ukasema, hii yangu.
Alivuta. Tulivuta. Mguu ukatoka na soksi peke yake.
"Nimeinunua juzi tu," alisema,
nami nikauma ulimi:
kwa pesa za nani?

Kisha radi.
Si ile ya mbali, kama jirani wa juu anayehamisha kabati;
hii ilipasua papo hapo, utosini,
mbingu nzima ikawa karatasi nyeupe
na sisi herufi nne zilizoandikwa vibaya.
Nyaguthii alianza Zaburi, akaisahau katikati,
akamalizia na vituo vya njia ya kwao:
Pangani, Muthaiga, Roysambu, Githurai,
amina.

Mtoni, daraja la mbao halikuwepo.
Yaani lilikuwepo, ila chini;
tulilijua kwa mkunjo wa maji juu yake.
Maji ya rangi ya chai ya kibandani
yakibeba tawi, ndara moja ya buluu, dumu lisilo na kifuniko,
vyote mbio, kana kwamba vimechelewa kazini Ruaraka.
Kurudi ni saa mbili. Kuvuka, hatua kumi na nne.
Hakuna aliyepiga kura.
Wesonga alitangulia, mguu mmoja na raba, mmoja bila,
akanyoosha mkono nyuma pasipo kugeuka.

Nikaushika.

Mkono wa mtu unayemdai ni mzito ajabu.
Una joto. Una sugu chini ya kidole cha pete.
Ulikuwa ukitetemeka, na sikujua ni mto
au ni miezi minane ya kunikwepa.
Hatua ya tisa maji yalinifika kiunoni, yakanivuta,
naye akasema tu, "Niko,"
neno moja, bila ahadi nyingine nyuma yake.
Nililiamini kuliko risiti yoyote.

Ng'ambo tulikunywa chai kwa kifuniko kimoja,
tangawizi ikitukwaruza koo.
Mvua ya mawe ikaanza, punje kama mbaazi,
zikidunda kwenye kofia, zikitumbukia chaini,
na Kerubo akacheka hadi akakaa matopeni
na koti la watu.
Hata Nyaguthii. Hata mimi.
Kulikuwa na nini kingine cha kufanya?

Sasa ni usiku, umeme umepotea mtaa mzima.
Viatu vyangu mlangoni vinavuja polepole
kama watu wasiotaka kuaga.
Simu nimeizika ndani ya mkebe wa mchele;
huenda humo gizani kuna ujumbe wake unaokauka,
huenda hakuna kitu.

Mchele huo nilikuwa niupike kesho.
Acha ukae.
Nitasonga ugali.