Herufi Mbili

Kaka yangu Anargiros alizaliwa na nywele za mwanakondoo.
Mkunga alicheka. Bibi Maruso hakucheka:
alivuta kishungi kimoja, akakiachia, kikajikunja tena,
akatema mate mara tatu kuliondoa jicho,
kisha akaenda kuosha mabeseni.

Alipoanza kutambaa, viganja vikaota sugu.
Sugu, mtoto wa miezi kumi na moja!
Baba alichimba jiwe la msasa katika milima ya Naksos,
jiwe linalolainisha vyuma vya watu
na kukwaruza mapafu ya mchimbaji.
Alimnyanyua mbele ya wenzake mkahawani:
"Tazameni mikono. Huyu kaja duniani
kazi amekwisha kuifanya."
Wakagonga meza. Wakamnunulia biskuti.

Nilimwonea wivu, mimi mdogo wake.
Alishika sufuria ya moto bila kitambaa,
aling'oa mbigili kama anayechuma maua.
Hakuna aliyetuambia
kwamba ngozi na moyo
ni nguo za fundi mmoja.

Alikuwa na miaka kumi na saba,
gunia la viazi begani, ngazi za mtaa wa juu,
mimi mbele, yeye nyuma.
Alisema, "Ngoja."
Nilidhani anafunga kamba ya kiatu.
Nikangoja.

Miaka tisa baadaye alishuka daktari kwenye feri
na mashine yenye nyaya, akapita nyumba kwa nyumba
akisikiliza vifua, akitoa damu,
akiuliza nani alimwoa nani.
Mama alihesabu kwa vidole hadi vidole vikaisha.
"Kijiji chenyewe hiki," akasema,
"ungemwoa nani, mbuzi?"

Darasani, mbele ya ubao, daktari akaeleza.
Ipo protini, jina lake plakoglobini.
Kazi yake si ya kujivunia: kushika.
Inajibanza ndani ya ukuta wa seli
ili seli hii isimwachie jirani yake.
Kama mawe ya kuta zetu za mashambani,
yasiyo na saruji, yanayosimama
kwa sababu kila jiwe linaegemea jiwe.
Na mshiko hupimwa pale panapovutwa:
kiganja, kinachosukuma sakafu;
moyo, usio na Jumapili.
Pigo baada ya pigo, seli zinaachana,
mafuta yanaingia kama magugu kwenye shamba lililohamwa.
Bandu bandu, na gogo lilikuwa kaka yangu.

Kosa ni kubwa kiasi gani? aliuliza baba.
Alikuwa ameshika kofia.
Herufi mbili, akajibu daktari.
Jeni ina maelfu ya herufi, na mbili zimedondoka,
basi sentensi yote inayofuata inasomeka ovyo.

Baba hakusema kitu. Msasa ulikohoa ndani yake.
Mimi nikachukua chaki. Sijui kwa nini.
Nikaandika: *pamoja*.
Nikafuta herufi mbili za mwanzo.
*moja*, likabaki, katikati ya ubao mweusi,
na vumbi jeupe kwenye kidole changu.

Wazazi wangu walibeba nakala mbovu moja kila mmoja,
na moja nzima. Nami vivyo hivyo.
Nzima moja yatosha, wanasema; moyo utashika.
Naamini mchana.

Binti yangu Thekla ana nywele zilizonyooka kama mvua.
Hata hivyo mama, kabla ya kumbusu,
humfungua kiganja kwanza,
hupitisha kidole gumba, polepole,
kama kipofu anayetafuta mlango.

Juzi, kwenye ngazi zilezile,
mtoto alisema nyuma yangu, "Ngoja."
Niligeuka neno halijaisha.
Alikuwa ameinama. Kamba ya kiatu, basi.
Nilipiga magoti nikamfunga mimi,
fundo moja, na juu yake la pili,
naye akanisukuma: "Mama, niachie."
Mkono ulichelewa kusikia.