Tarakimu Ishirini

Umeme ulikatika saa mbili na robo,
sindano ikiwa katikati ya kola.
Sare kumi na moja tayari, zinatakiwa Jumatatu,
na hii ya kumi na mbili inanitazama
kwa jicho lake moja la kifungo.

Si mgawo. Ng'ambo ya mtaro, kwa kina Chiku, taa inawaka,
televisheni yao inacheka peke yake.
Ni sisi tu. Ni mita yetu,
mita moja, vyumba sita, Tandika,
imekula hadi sifuri ikafumba macho.

Zamu ilikuwa ya Kombo. Kombo akaapa
alinunua Alhamisi, za elfu tano nzima,
labda kuna mtu ana jiko la umeme uvunguni.
Tukammulika Tusajigwe kwa tochi ya simu.
Tusajigwe akainama kufunga kamba za viatu,
naye amevaa ndala.

Nikatoa elfu kumi yangu, ya vifungo na uzi.
Simu ikasema: muamala umekamilika.
Kampuni ikachukua chake,
serikali ikachukua chake,
kodi ya jengo ikachukua chake —
jengo! mimi ambaye hata msumari wa chandarua
niliupigilia kwa kuomba ruhusa —
na kilichosalia kikaitwa uniti.
Uniti zenyewe hazikuja.

Nikapiga huduma kwa wateja.
Yule dada akanikaribisha, sauti laini
kama kitambaa nisichoweza kukinunua hata nusu mita.
Kwa Kiswahili, bonyeza moja. Nikabonyeza.
Kwa Kiswahili, bonyeza moja.
Simu yako ni muhimu kwetu, akasema,
na mara muziki.
Namwonea wivu: hajawahi kupiga mwayo,
hajawahi kudaiwa sare.

Basi barazani, gizani, bunge likakaa.
Bi Sikudhani akafungua:
zamani alikuja msoma mita, kalamu sikioni,
ukimpa maji anakunywa,
ukimlalamikia anasikia, hata kama hatendi.
Sasa nimlalamikie nani? Kisanduku?
Kombo akasema zamani ililetwa bili ya jirani
na ukailipa, mama, usijisahaulishe.
Siku hizi kuna aplikesheni, unaona matumizi yako yote.
Tuonyeshe, tukasema.
Bando lake lilikuwa limeisha.

Tusajigwe, muuza mihogo mbele ya zahanati,
hana ugomvi na kodi. Anataka kuiona tu.
"Nikitoa mia, nionyeshwe mia yangu imelala wapi.
Mtaro huu umefukuliwa tangu masika yale,
umeachwa mdomo wazi
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema."
Sauti moja ikadai makato ya kutuma hela
yalipungua watu walipopiga kelele.
Nyingine ikajibu: hayakupungua, yalibadili jina.
Tukacheka. Giza lina ucheshi wake.
Mimi simu ipo sikioni,
dada bado ananithamini.

Saa nne kasoro, ujumbe.
Tarakimu ishirini, nne nne.
Kombo akazisoma kama dua,
Bi Sikudhani akaitikia,
nami kidole kwenye mita:
sita, sita, sifuri, tatu —
Mita ikakataa.
Rudia.
Sita, sita, sifuri, tatu —
ikakataa.
Tukaulaumu mtandao, tukailaumu wizara,
tukamlaumu aliyeleta mita hizi nchini.
Kumbe ile tatu ni nane.
Kioo cha simu yangu kina ufa.

Taa.
Na kana kwamba kengele ya shule imegongwa,
bunge likavunjika bila hoja ya kuahirisha.
Kila mtu chumbani, kila mlango na komeo lake.
Baada ya kitambo kidogo, uvunguni kwa Tusajigwe,
kitu kikaanza kutokota.

Nikakaa kwenye cherehani. Kabla ya kola
nikafungua daftari la vipimo, ukurasa wa mwisho,
chini ya kiuno cha Chiku na bega la mwalimu,
nikaandika ninachoandika kila mwezi:
Mzee Pazi, mwenye nyumba.
Kodi ya jengo lake. Nimemlipia.
Mwezi wa kumi na tisa.

Niliwahi kumwonyesha.
Akausifu mwandiko.