Safu ya E

Kaupo wa ghorofa ya tatu, mwokaji mikate wa usiku,
amenibishia Jumapili, kompyuta kwapani,
theluji ya Tartu ikimdondoka kofiani.
"Maarika, wewe ni mtu wa hesabu. Niangalizie.
Mashine inasema tangu Oktoba nimekimbia
siku mia moja na tano, usiku na mchana."

Nikamwagia kahawa. Nikafungua jedwali.
A tarehe, B umbali, C muda,
D viatu (vya buluu, vya buluu, vya buluu),
E mwendo kwa kilomita,
F maelezo: *barafu ukingoni mwa Emajõgi. Mbwa yule tena.
Nanuka hamira, watu wananigeukia.*

Kosa lilikuwa dogo kama chawa.
Aliandika arobaini na mbili, nukta mbili, thelathini,
akimaanisha dakika na sekunde;
mashine ikasoma saa na dakika.
Kwa hiyo huyu aliyerudi mkate wake ungali vuguvugu
alikuwa, kwa mashine, mtu wa kukesha barabarani,
konokono akimpita na kumsalimu.

"Tanguliza sifuri," nikamwambia.
"Sifuri ya mbele nayo ina kazi?"
"Kuliko mimi na wewe."

Siku mia na tano zikanywea
zikawa saa arobaini na mbili.
Akacheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye kitambaa cha mama yangu.

Kisha akanionyesha karatasi, hesabu ya penseli:
mwendo wa siku zote, ukijumlishwa, ukigawanywa.
Tano na hamsini na moja. Ameuzungushia duara.
Mstari mmoja ameuruka. Sikuuliza kwa nini.
"Siyo hivyo, Kaupo. Wastani wa wastani si wastani.
Jumlisha njia yote, jumlisha muda wote, ndipo ugawe.
Siku ya kilomita mbili haiwezi kupiga kura
sawa na siku ya kumi na nne."
Kilomita mia nne na ishirini. Saa arobaini na mbili.
Dakika sita kwa kilomita. Kamili, kama kiapo.

Akanyamaza.
Sekunde tisa nilimpokonya hivihivi,
Jumapili asubuhi, nyumbani kwangu.

Nami, kwa aibu, nikajitia kupitia mistari.
Ndipo nikafika wa thelathini na nane.
Januari, tarehe kumi na saba.
Umbali: sifuri.
Muda: dakika thelathini na moja.
Viatu: vya buluu.
Kwenye safu ya E mashine imegoma,
imeweka alama yake ya ukali:
hakigawanyiki kitu kwa sifuri.
Na pale F: *Nimefunga kamba. Nimekaa ngazini.*

Nilikumbuka.
Nilikuwa na gunia la viazi, taa ya ngazi imeungua,
na goti la mtu njiani.
Nilisema, "Sogea, Kaupo."
Akasogea. Nikapita.
Hata viazi vyenyewe vilikuwa vibovu.

Akawa anaosha kikombe kilichokwisha kuwa safi.

"Kuna fomula," nikasema, "ya kuficha hii alama.
Ikiwa njia hakuna, kisanduku kibaki kitupu.
Tena hizi dakika za ngazini zimeingia kwenye jumla,
ndizo zinakuchelewesha. Nimepiga hesabu:
katika zile sekunde tisa, nne na ushee ni zake.
Nikizitoa, unarudi tano, hamsini na kitu."

Maji yaliendelea kutiririka.
Nje mtu alikuwa anakwangua barafu kwenye kioo cha gari,
kwangu, kwangu, kwangu, hana haraka.

"Ziache," akasema.
"Viatu nilikuwa nimevaa."