Mita Inasoma Upepo

Winnipeg, Januari, nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri,
na mimi niko chini ya nyumba natafuta ubaridi.
Skolastika anacheka kutoka juu ya ngazi:
"Si ulitoe nje tu hilo dude, baba Asteria?"

Siyo hivyo. Joto la chumba lisipotulia
kipimo chote ni porojo. Tanuri likiwaka,
likizima, likiwaka tena, nitaandika nini?
Nimewaomba masaa mawili tu:
vaeni masweta, msiguse swichi ya ukutani.

Mezani, yaani mlango mkuukuu juu ya makreti ya maziwa:
pampu isiyozidi ngumi ya mtoto,
rejeta ya feni tatu, ya mtu aliyeachana na michezo ya kompyuta
baada ya kuachwa na mke,
mpira angavu, vibanio sita (cha saba kimeanguka, kimekwenda zake),
kifaa cha umeme cha kupandisha na kushusha volti,
vipimajoto viwili, kimoja maji yanakoingia,
kimoja yanakotokea. Jana nilivizika pamoja
katika kikombe cha theluji ya barazani
mpaka vikakubaliana sifuri.
Mahali pa prosesa nimeweka bonge la shaba
lenye vijiti vya moto tumboni. Prosesa ina mambo yake;
shaba ukiipa wati mia mbili, inakurudishia mia mbili.
Maji yaliyokenekwa, dola tatu dumu.
Taulo. Taulo nyingine.

Na mita ya mtiririko, mpya, bado inanukia boksi,
iliyokula zamu tatu za usiku kiwandani mwa mikate.

Asteria anasoma, mimi naandika.
"Sita nukta mbili."
Lita sita kwa dakika? Pampu hii?
"Sita nukta nne."
Hata! Lete ndoo. Lete mizani ya mama, ile ya unga.
Chomoa mpira hapo, uelekeze ndooni.
Hesabu sekunde sitini kwenye simu, useme basi.

Maji yakimwagika hayazoleki, tuliambiwa shuleni.
Tumeyazoa. Tumetoa uzito wa ndoo.
Kilo nne na gramu mia, na tone moja kwenye soksi yangu.

Tukarudisha mpira, tukainama wote wawili.
Mle ndani, vipovu: kimoja, kimoja, kimoja,
kama watu wanaochomekea foleni.
Tangi lilikuwa limepungua, pampu inameza hewa,
na kigurudumu cha mita kinazunguka kwa bashasha
kikihesabu pumzi, kikiziita maji.

Nikakaa juu ya ndoo.

Miaka tisa nilisoma mita Morogoro,
kofia ya mamlaka kichwani, kalamu sikioni,
mbwa wote wa Kichangani wananifahamu kwa harufu.
Mama Kobelo alinisubiri na bili mkononi:
"Wiki nzima bomba linapiga mluzi tu, mwanangu.
Hii mita yenu inasoma upepo."
Mama, nikamwambia, mita haina mdomo,
itasemaje uongo?
Majirani walicheka. Nilipenda walivyocheka.
Mwezi wa tatu nikaja na spana.

"Baba. Niandike ngapi?"

Huko juu Skolastika amechoka kutetemeka;
tanuri linaguruma ndani ya ukuta,
namba za joto zinaanza kupanda, kipimo cha leo kimekufa.
Sikumwita.

Andika zote mbili, mwanangu, ya mita na ya ndoo.
Na pale pembeni, penye nafasi ya maelezo,
andika: Mama Kobelo alisema.

"Nani?"

Andika tu. Ni kwa L, siyo kwa R.
Halafu lete dumu, tulijaze hili tangi.